Ujumuishi wa Kidijitali na Ushirikiano wa Kimataifa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudi kila mara walimu, maofisa wa serikali, watu wa asasi na wananchi wa kawaida wanapokaa kuzungumzia intaneti na wale walioachwa nyuma. Yanaanza na ya msingi, na yenye utata yako mwishoni. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake. Mwenye mradi mezani na kalamu mkononi aanze na swali la 22.

## Mambo ya msingi

1. Ujumuishi wa kidijitali ni nini hasa?

Ni hali ambayo mtu yeyote, awe mzee, mkulima, mkimbizi, mwanafunzi au mtu mwenye ulemavu, anaweza kutumia intaneti kwa jambo analolihitaji, kwa bei anayoimudu, kwa lugha anayoielewa na bila kujitia hatarini. Kuwa na laini ya simu ni mwanzo tu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kipimo kinachotumika kimataifa humhesabu mtu kuwa mtumiaji wa intaneti iwapo ameitumia walau mara moja katika miezi mitatu. Kwa hesabu hiyo, mama aliyeazima simu ya jirani akaangalia matokeo ya mtihani wa mwanawe, kisha asiguse tena mtandao hadi muhula ujao, yuko sawa na mtu anayefanya kazi zake zote mtandaoni. Ndiyo maana siku hizi wataalamu huuliza pia kasi, kifaa, bei na ujuzi.

2. Ni watu wangapi bado hawatumii intaneti?

Kwa makadirio ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, mwaka 2024 watu bilioni 5.5 walikuwa wakitumia intaneti, yaani 68% ya watu wote duniani. Bilioni 2.6 walikuwa nje. Katika nchi za kipato cha juu watumiaji walikuwa 93%, katika nchi za kipato cha chini 27%. Mijini walikuwa 83%, vijijini 48%.

Angalia hiyo tofauti ya mji na kijiji kabla ya kulaumu umaskini wa taifa zima.

3. Si minara imeshafika karibu kila mahali? Tatizo liko wapi?

Swali hili ndilo la maana kuliko yote katika ukurasa huu. Ni kweli minara imefika mbali: mwaka huo wa 2024 ni takriban 4% tu ya watu duniani walioishi mahali pasipo na mawimbi ya intaneti ya simu, kuanzia 3G kwenda juu. Lakini wasiotumia intaneti walikuwa 32%. Ukizipanga namba hizo pamoja utaona kwamba katika kila watu 8 walio nje ya mtandao, 7 hivi wanaishi chini ya mawimbi na bado hawayatumii.

Kinachowazuia ni vitu visivyopigiwa picha siku ya uzinduzi: simu janja ni ghali, bando ni ghali, chaji haipatikani, hakuna cha kusoma kwa lugha yao, hawajui kuandika ujumbe, wanaogopa matapeli, au mwenye nyumba hataki mkewe awe na simu. Mnara una utepe wa kukata. Mafunzo ya bibi wa miaka 60 hayana utepe, na kwa sehemu kubwa hiyo ndiyo sababu fedha za wafadhili huelekea kwenye mnara.

4. Kwa nini liwe jambo la kimataifa? Kila nchi si ijijengee yake?

Haiwezekani. Nchi isiyo na pwani hupata intaneti yake kwa kupitia ardhi ya jirani, na bei ya jirani ndiyo inayoamua bei yake. Nchi zinazoendelea zisizo na bahari ni 32. Masafa ya redio hayajui mpaka, kwa hiyo wasipoelewana, mnara wa upande mmoja utavuruga simu za upande wa pili. Nafasi za satelaiti angani hugawanywa kwa makubaliano. Viwango vinavyofanya simu iliyotengenezwa bara moja izungumze na mtambo wa bara jingine huandikwa na kamati za watu wa nchi nyingi.

Zaidi ya hayo kuna suala la gharama. Programu ya kutunza kumbukumbu za zahanati ikiandikwa mara moja ikatumiwa na nchi sabini, kila nchi imeepuka kulipia kazi ileile upya (swali la 19).

## Nani anafanya nini

5. Ni chombo gani kinachosimamia haya yote?

Hakuna bosi mmoja. ITU ndiyo kongwe: ilianzishwa Paris mwaka 1865 kwa ajili ya telegrafu, leo ni wakala wa Umoja wa Mataifa wenye makao Geneva, na hushughulika na masafa, viwango na takwimu. ICANN, iliyoanzishwa mwaka 1998, huratibu majina ya tovuti. W3C, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, huandika viwango vya wavuti. UNESCO, UNICEF na Benki ya Dunia nazo zina sehemu zao.

Mijadala ya kisiasa ilipata sura kwenye Mkutano wa Kilele wa Dunia kuhusu Jamii ya Habari, uliofanyika kwa awamu mbili: Geneva mwaka 2003 na Tunis mwaka 2005. Huko Tunis ndiko lilikotoka Jukwaa la Utawala wa Intaneti, ambalo hukutana kila mwaka tangu Athens mwaka 2006. Nairobi ililipokea mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022. Jukwaa hilo halipigi kura wala halipitishi sheria. Wengi huliona ni kikao cha maneno tu, lakini ni mahali pachache ambapo mhandisi, mwanaharakati na waziri hukaa meza moja na kupokezana kipaza sauti.

6. Makubaliano ya kimataifa yana nguvu ya sheria?

Mengine yana, mengine hayana, na inafaa ujue unashika lipi kabla ya kulinukuu katika barua yako kwa wizara.

Mkataba wa Kidijitali wa Kimataifa, uliopitishwa New York tarehe 22 Septemba 2024 kama kiambatisho cha Mkataba wa Zama Zijazo, ni ahadi ya kisiasa. Hakuna mahakama itakayoishtaki nchi kwa kutoutimiza. Malengo ya Maendeleo Endelevu yako vivyo hivyo: lengo dogo la 9.c lilitaka nchi maskini zaidi ziwe na intaneti nafuu kwa wote ifikapo 2020, mwaka ukapita na hakuna aliyewajibishwa.

Upande wa pili iko mikataba inayozifunga nchi zilizoiridhia. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 una kifungu cha 9 kuhusu ufikivu, na kifungu cha 32 kuhusu ushirikiano wa kimataifa wenyewe. Mkataba wa Marrakesh umeelezwa katika swali la 17, na ule wa Malabo katika swali la 20.

7. Fedha hutoka wapi?

Sehemu kubwa ya mitandao duniani imejengwa na makampuni kwa matarajio ya faida. Fedha za umma na za wafadhili huingia pale ambapo faida haionekani: mikopo ya benki za maendeleo, ruzuku za serikali, na mifuko ya huduma za mawasiliano kwa wote, ambayo hukata asilimia ndogo ya mapato ya makampuni ya simu ili kupeleka huduma vijijini. Mifuko hiyo ipo katika nchi nyingi. Katika baadhi yake fedha hukaa miaka bila kutumika, huku wizara ikiomba msaada nje.

Liliwahi pia kujaribiwa jambo kubwa zaidi. Rais Abdoulaye Wade wa Senegal alipendekeza Mfuko wa Mshikamano wa Kidijitali, ukazinduliwa mwaka 2005. Wazo lilikuwa kwamba mzabuni anayeshinda kandarasi ya umma ya teknolojia achangie 1% ya thamani yake. Uchangiaji ulikuwa wa hiari, na mfuko haukudumu.

## Nyaya, satelaiti na mitandao ya jamii

8. Kwa nini waya ukikatika baharini mbali huko, mtandao unasumbua hapa?

Kwa sababu mawasiliano karibu yote kati ya mabara hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Satelaiti hubeba sehemu ndogo tu. Pwani ya mashariki ya Afrika ilikuwa ikitegemea satelaiti hadi SEACOM ilipofika mwaka 2009, ikifuatiwa mwaka 2010 na EASSy, waya wa takriban kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. EASSy ilijengwa na makampuni ya simu ya nchi nyingi yaliyounganisha nguvu na kukopeshwa na benki za maendeleo. Hakuna hata moja kati yao ambayo ingeubeba mzigo ule peke yake.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja, na nchi kadhaa za ukanda huo zikapata intaneti ya kusuasua kwa siku nyingi. Somo gumu zaidi ni la Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Mlipuko wa volkano wa Januari 2022 uliukata waya wake wa pekee wa kimataifa. Meli ya matengenezo ilitoka Papua New Guinea, na visiwa vilikaa wiki tano kabla ya waya kurudi. Meli za aina hiyo ni chache duniani na nchi nyingi hazina hata moja. Kwa hiyo makubaliano ya kuruhusu meli ya kigeni iingie haraka katika maji ya nchi, bila kusubiri vibali vya wiki kadhaa, ni ujumuishi wa kidijitali halisi ingawa hauitwi hivyo.

9. Satelaiti za karibu na dunia si zitamaliza tatizo?

Zitapunguza ile sehemu ya 4% isiyo na mawimbi. Satelaiti za zamani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ndiyo maana simu za video kupitia kwao huchelewa. Hizi mpya, kama za Starlink, huzunguka kwenye kilomita 550 hivi na mawasiliano yake hayachelewi sana. Kwa zahanati ya kisiwani au shule ya mlimani ni neema.

Ila hazigusi yale ya swali la 3. Mwenye kushindwa kununua bando hatanunua sahani ya satelaiti. Kuna pia suala la mamlaka: kampuni ikizima huduma kutoka makao yake makuu, nani atakayeiuliza? Na tukumbuke mpango wa Loon wa kampuni mama ya Google, uliotumia maputo kurusha intaneti. Ulianza huduma ya kibiashara Kenya Julai 2020; Januari 2021 ukatangazwa kufungwa. Teknolojia ilifanya kazi vizuri, biashara ndiyo iliyokataa.

10. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti ni nini, na kinapunguzaje gharama?

Ni chumba ambamo makampuni ya intaneti huunganisha mitambo yao ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili isizungukie bara jingine. Bila kituo hicho, mawasiliano ya ndani hulipiwa nauli ya kimataifa kwenda na kurudi.

Hapa ushirikiano umezaa matunda yanayopimika. Taarifa ya mwaka 2020 ya Internet Society, asasi ya kimataifa ya masuala ya intaneti, ilionyesha kwamba nchini Kenya na Nigeria sehemu ya mawasiliano yanayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka 30% hivi hadi 70% katika kipindi cha miaka minane. Umoja wa Afrika nao uliendesha mradi wa kuanzisha vituo kama hivyo katika nchi ambazo hazikuwa navyo. Vifaa ni vya bei ndogo. Kazi ngumu ni kuwafanya washindani wa biashara waaminiane hadi waunganishe nyaya chumba kimoja, na hapo mhandisi kutoka nje, asiye na upande, husaidia kuliko fedha.

11. Kijiji kinaweza kujijengea mtandao wake?

Ndiyo, na vimefanya hivyo. Mtandao wa Guifi.net wa Catalonia, Hispania, ulianza mwaka 2004 kwa wanakijiji waliochoka kusubiri kampuni. Zenzeleni, ushirika wa Mankosi katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, huuza intaneti kwa wanachama wake kwa bei ya chini. Kule Oaxaca, Mexico, jamii za wenyeji zimeendesha mitandao yao ya simu kwa msaada wa shirika la Rhizomatica. Mtandao wa asasi uitwao APC, uliopo tangu 1990, huwakutanisha mafundi wa jamii hizi ili wafundishane.

Kikwazo kikubwa huwa leseni: sheria nyingi zilitungwa zikiwa na kampuni kubwa akilini, ada na makaratasi yake hayabebeki na ushirika wa kijiji. Kenya ilitengeneza utaratibu wa leseni maalumu kwa mitandao ya jamii mwaka 2021, na wasimamizi wa nchi nyingine wana la kuiga hapo.

## Bei, vifaa na shule

12. Intaneti ikiitwa "nafuu", maana yake nini?

Tume ya Intaneti ya Kasi, iliyoundwa na ITU na UNESCO mwaka 2010, iliweka kipimo mwaka 2018: huduma ya kuanzia isizidi 2% ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Kipimo kinafaa kulinganisha nchi. Udhaifu wake ni kwamba wastani huficha. Bando ambalo ni 2% ya wastani wa taifa linaweza kuwa sehemu kubwa mno ya kipato cha mtu wa chini, na hao ndio tunaowazungumzia.

13. Tumeahidiwa kompyuta za msaada. Tupokee?

Pokeeni mkishajua nani atazitengeneza. Mfano unaojulikana zaidi ni mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005 kwa ahadi ya kompyuta ya dola 100. Peru iligawa mamia ya maelfu. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliochapishwa mwaka 2012 baada ya kufuatilia shule 319 za vijijini, haukuona maendeleo yoyote katika hisabati wala lugha. Watoto walikuwa na mashine. Walimu hawakuwa wameandaliwa.

Vifaa vilivyokwisha kutumika vinahitaji uangalifu zaidi. Rahisi hugharimu: kompyuta isiyopokea tena masasisho ya usalama ni mlango wazi kwa wezi, na ikifa baada ya mwaka, taka ni zenu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni 22.3% tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, yanataka nchi inayopokea taka za kielektroniki za aina yoyote iarifiwe na iridhie kwanza. Lakini mzigo ukiandikwa "vifaa vilivyotumika" badala ya "taka" huweza kupenya, kwa hiyo ombeni orodha yenye umri wa kila kifaa na uthibitisho kwamba kinawaka.

14. Kampuni ikitoa intaneti ya bure yenye tovuti chache tu, kuna ubaya gani?

India ililijibu swali hili Februari 2016. Msimamizi wa mawasiliano alipiga marufuku bei za kibaguzi, yaani kutoza data kwa bei tofauti kulingana na tovuti, na huduma ya Free Basics ya Facebook ikalazimika kuondoka. Hoja ilikuwa kwamba anayechagua tovuti za bure anachagua pia nani afanikiwe kibiashara na maskini wasome nini. Waliopinga uamuzi huo walisema kidogo ni bora kuliko kutokuwa na chochote.

Binafsi naona suluhisho la kati lipo na ni la heshima zaidi: toa kiasi kidogo cha data ya bure kwa kila mtu, aende atakako.

15. Mwenye kitochi ameachwa nje kabisa?

Hapana. Menyu za nyota na reli hufanya kazi bila data kwenye simu yoyote. M-Pesa nayo ilianza Kenya mwaka 2007 bila kuhitaji data, na fedha za majaribio zilitoka kwa sehemu kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza uliochangia karibu pauni milioni 1. Si ruzuku nyingi zilizotumika vizuri hivyo. Kitochi hakitoshi kwa masomo wala kujaza fomu ndefu, lakini huduma ya umma isiyopatikana kwa kitochi imekwisha kuwatenga watu kabla haijazinduliwa.

16. Shule isiyo na intaneti ifanye nini wakati inasubiri?

Isisubiri. Kiwix huweka Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, kwenye kadi ya kumbukumbu. Kolibri ni maktaba ya masomo inayosambazwa ndani ya darasa kwa kompyuta moja ndogo, bila intaneti. Zote ni za bure, na watu wa nchi nyingi huzichangia.

Kuhusu kuunganishwa kwenyewe, UNICEF na ITU walianzisha mpango wa Giga mwaka 2019 wenye lengo la kuifikia kila shule duniani ifikapo 2030. Jambo la kwanza walilogundua ni kwamba serikali nyingi hazikujua shule zao ziko wapi hasa. Wakaanza kuchora ramani, wakitumia pia picha za satelaiti, na zaidi ya shule milioni 2 zimeshaingizwa.

## Lugha, ulemavu na jinsia

17. Watu wenye ulemavu wanasaidiwaje na ushirikiano huu?

Hapa ndipo ushirikiano wa kimataifa unapong'aa, na kwa gharama ndogo.

Mosi, viwango. W3C ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa ufikivu wa maudhui ya wavuti mwaka 1999. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Sheria za nchi nyingi zinautegemea, kwa hiyo mbunifu wa tovuti popote alipo anajua la kufanya: picha iwe na maelezo, kila kitu kifikike kwa kibodi, rangi zitofautiane vya kutosha.

Pili, programu. Visoma skrini, yaani programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, vya kununua vilikuwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, alianza kuandika NVDA, baadaye akishirikiana na James Teh, naye asiyeona. Ni ya bure, na wafasiri wa kujitolea wameifikisha kwenye lugha zaidi ya 50.

Tatu, sheria. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unaruhusu kitabu kitengenezwe kwa nukta nundu au sauti bila kumwomba mwenye hakimiliki, na nakala hiyo ivuke mpaka. Kabla yake, maktaba za vipofu katika nchi mbili zinazotumia lugha moja zililazimika kukisoma upya kitabu kilekile, kila moja kivyake. Kama maktaba yenu haijaanza kuutumia, ulizeni kwanza kama nchi imeuridhia, kisha kama sheria ya hakimiliki ya ndani imerekebishwa. Mara nyingi cha pili ndicho kinachokwama.

18. Lugha yetu haipo mtandaoni. Tuanzie wapi? Na akili mnemba itasaidia au itatuacha mbali zaidi?

Anzieni na herufi. Simu haiwezi kuonyesha maandishi ambayo hayamo kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi zinazotambuliwa na kompyuta na simu. Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walibuni mwishoni mwa miaka ya 1980, wakiwa bado vijana wadogo, alfabeti ya Adlam kwa ajili ya Kifulani. Iliingia Unicode mwaka 2016, na baada ya hapo ndipo ilipoanza kuingia kwenye simu. Lugha inayotumia herufi za Kilatini, kama Kiswahili, haina mzigo huo, lakini inahitaji kibodi, kamusi ya kusahihisha tahajia na maudhui.

Kuhusu akili mnemba: mashine hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizopo, kwa hiyo lugha yenye maandishi machache huhudumiwa vibaya. Juhudi za pamoja zipo. Common Voice ya Mozilla hukusanya sauti za watu wa kujitolea tangu 2017, Kiswahili kikiwemo, na jumuiya ya Masakhane huwaunganisha watafiti wa lugha za Afrika. Jambo la kusimamia kidete ni masharti ya matumizi. Jamii iliyotoa sauti zake bure isije ikauziwa huduma iliyojengwa kwa sauti hizohizo bila hata kuulizwa.

Kwa nini wanawake hutajwa peke yao? (Swali hili huja kama nyongeza, nasi tunaliacha hapa bila namba.) Mwaka 2024 wanaume waliotumia intaneti walikuwa 70% na wanawake 65%; kwa idadi, wanaume waliwazidi wanawake kwa watu milioni 189. Mafunzo yanayofanyika jioni, mbali na nyumbani, na mkufunzi mwanamume, yataongeza pengo hilo hata kama bango lake limeandikwa "wote mnakaribishwa".

## Hatari na hali za pekee

19. Ni salama serikali kutumia programu iliyoandikwa nchi nyingine?

Ikiwa ni programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ndiyo, mradi mna watu wa kuisoma na kuirekebisha. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, una mizizi Afrika Kusini katika miaka ya 1990, huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na hutumika katika nchi zaidi ya 70. Siri ya kudumu kwake ni mtandao wa wataalamu wa ndani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaoweza kuurekebisha bila kupiga simu Oslo. Mwaka 2020 wataalamu wa Sri Lanka ndio walioutengenezea kipengele cha kufuatilia UVIKO-19, na baadaye Norway yenyewe ikakitumia. Msaada ulitoka kusini kwenda kaskazini.

Estonia na Finland nazo zilianzisha kwa pamoja, mwaka 2017, taasisi inayoendeleza X-Road, njia ya kubadilishana taarifa kati ya ofisi za serikali. Hatari kubwa iko kwenye mifumo ya kununua ambayo msimbo wake umefungwa: mkataba ukiisha, taarifa za wananchi wenu zimo ndani na ufunguo uko kwa muuzaji.

20. Taarifa za watumiaji zikivuka mpaka, nani anazilinda?

Inategemea sheria za pande zote mbili. Umoja wa Ulaya una kanuni zake kali zilizoanza kutumika mwaka 2018. Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Malabo kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2014, lakini ulingoja hadi Juni 2023 kupata uridhiaji wa kutosha uanze kutumika. Miaka tisa, katika fani inayobadilika kila msimu. Mradi wenu usitegemee mkataba. Andikeni wenyewe taarifa gani zinakusanywa, zinakaa wapi na zitafutwa lini.

21. Mkimbizi asiye na kitambulisho anasajilije laini? Na mtandao ukizimwa na serikali?

La kwanza lina jibu: msimamizi anaweza kukubali hati za ukimbizi. Uganda ilifanya hivyo mwaka 2019, baada ya mazungumzo na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na watu hawakulazimika tena kusajili laini kwa majina ya wenyeji. La pili ni chungu. Asasi ya Access Now ilihesabu uzimaji 296 katika nchi 54 mwaka 2024. Serikali moja inaweza kusaini ahadi ya kuwaunganisha wote na kuzima mtandao mwaka uleule wa uchaguzi. Ni wafadhili wachache wanaoweka sharti la kutozima katika mikataba yao ya mikopo, ingawa wengi wangeweza.

22. Tumeletewa mkataba wa mradi. Tuulize nini kabla ya kusaini?

Ulizeni nani atalipa bili ya intaneti na umeme mwaka wa nne, baada ya mfadhili kuondoka, na jibu liandikwe kwa jina la ofisi na fungu la bajeti. Ulizeni fundi wa karibu ni nani na vipuri vinapatikana wapi. Ulizeni mali ni ya nani mradi ukiisha: mlingoti, sahani, kompyuta, jina la tovuti. Hilo la jina la tovuti husahaulika sana, kisha tovuti hutoweka pale mshauri wa nje asipolipia upya usajili. Ulizeni mnaruhusiwa kubadili nini bila kibali. Mkijibiwa kwamba mambo hayo yatajadiliwa baadaye, ombeni yajadiliwe kwanza.

23. Na mtu asiyetaka kabisa kuingia mtandaoni?

Ana haki hiyo. Wako wazee, watu wa imani fulani, watu waliowahi kutapeliwa, na watu ambao hawaoni faida tu. Huduma za lazima, kama pensheni, matibabu, vyeti na kodi, zibaki na dirisha lenye mtu nyuma yake, na dirisha hilo lisiwe na foleni ya adhabu. Mradi wowote unaofunga madirisha siku unapofungua tovuti umehamisha gharama kutoka ofisini kwenda kwa wananchi wake wasio na uwezo, ambao sasa watamlipa kijana wa kibanda cha intaneti awajazie fomu na kumwachia nywila zao.